Apdeti ya Asubuhi ya Jubilei

Jamani, hii habari sijawahi kuisimulia yote, nimekuwa nikiimega vipande kulingana na anayeuliza, lakini kwa kuwa wengi wenu mmeshaisikia kwa watu wengine, na huko ilikopita imeongezewa chumvi mpaka kuna anayesema eti nilimtukana baba mkwe wangu kwenye kipaza sauti (si kweli, kipaza sauti alikuwa nacho katekista), naona bora niiseme mwenyewe ilivyokuwa. Aibu ni yangu, basi na mdomo wa kuisema uwe wangu.

Mnajua nina stesheneri hapa Tabora mjini, natoa kopi, napiga picha za paspoti, natengeneza kompyuta za watu. Na mnajua kwamba mimi situmii ule mfumo ambao kila mtu anautumia, mimi natumia Linux, na si kwamba naitumia kimya kimya kama mtu mstaarabu, hapana, naihubiri. Mtu akiniletea flashi imejaa virusi namsafishia huku nampa somo, kwamba Linux haishiki virusi, Linux ni ya bure, Linux haikwami, mpaka mteja anasema sawa fundi, nimeelewa, naomba flashi yangu nina haraka. Mke wangu Godeliva aliwahi kuniambia kwamba kama ningelihubiri Neno la Mungu hivyo, Wamoravian wangeshanipa usharika.

Godeliva ni wa Ulyankulu. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, na hukohuko Ulyankulu ndiko walikokutana, wakafunga ndoa, wakazaa, wakalima tumbaku na mahindi mpaka leo. Baba yake, mzee Sebastiani, ni Mkatoliki wa kweli kweli na si mtu wa kucheka ovyo. Nilipopeleka posa alisema hana neno na mimi kuwa Mmoravian, ila nitahudhuria mafundisho ya ndoa parokiani kwao, si mjini, kwao, kila Jumamosi, na nikikosa Jumamosi moja naanza upya. Nilikosa moja kwa sababu ya mvua, barabara ilikuwa matope matupu. Nikaanza upya. Katika siku hizohizo za kwenda na kurudi, nikiwa na hasira na vumbi mpaka kwenye meno, ndipo niliponunua kompyuta hii na kuiwekea paswedi. (Paswedi yenyewe nitaitaja, tulieni.)

Sasa mwaka huu wakwe wametimiza jubilei ya dhahabu ya ndoa yao. Misa parokiani, halafu chakula na shughuli ukumbini, na ukoo mzima ulikuwa unakuja, wa Ulyankulu, wa Urambo, wengine mpaka Usinge. Kila mtu akapangiwa kazi. Shemeji yangu Leonsi, kaka yake Godeliva anayeishi Dar, akachukua gari na vinywaji. Mimi, mtaalamu, nikapewa kuonyesha picha za familia kwenye ukuta kwa projekta, nikasema hilo tu? Hilo dogo.

Lakini ndani ya hizo picha kulikuwa na jambo ambalo tulilijua mimi na Godeliva peke yetu. Mzee Sebastiani ana mdogo wake wa kike, shangazi Beritha, ambaye walikimbia naye pamoja akiwa bado mtoto, wakakulia wote Ulyankulu, halafu yeye akaolewa na baadaye akarudi Burundi na mume wake wakati wengi waliporudi. Tangu hapo hawajaonana. Kwa simu wanaongea kwa nadra, maana shangazi hana simu yake na masikio yanamsumbua, kwa hiyo maongezi yao ni kupiga kelele "unanisikia?" mpaka salio linakata. Godeliva akamtafuta mjukuu mmoja wa shangazi huko, akamwomba amrekodi shangazi akitoa salamu za jubilei. Vipande vikaja kwenye simu yangu kimoja kimoja kwa siku kadhaa, mimi nikaviunga kwenye kompyuta vikawa filamu moja, nikaweka na picha za zamani, nikaridhika, kisha simu ilipolalamika kwamba imejaa, nikavifuta vile vipande kwenye simu. Godeliva naye alikuwa hajavihifadhi, aliniachia mimi. Si mimi ndiye fundi?

Asubuhi ya siku yenyewe nimeshavaa suti, nikafungua kompyuta nihakikishe mara ya mwisho. Filamu ikacheza vizuri, mwanzo mpaka mwisho, sauti safi. Hapo mtu mwenye akili anazima, anaweka kwenye begi, anakwenda kunywa chai. Lakini pembeni ya kioo kikatokea kile kijisanduku kinachosema toleo jipya la mfumo limetoka, je, unataka kulipandisha sasa au baadaye. Kilikuwa kinanitokea kila siku na kila siku nabonyeza baadaye. Siku hiyo nikamkumbuka Leonsi. Leonsi mara ya mwisho alipokuja aliitazama kompyuta yangu akasema, "Shemeji, hii nayo si ungeipeleka makumbusho?" Na mimi nilishaona picha za hilo toleo jipya, rangi mpya, mpangilio mpya, linapendeza. Nikamwona Leonsi kichwani mwangu ameketi ukumbini, mdomo wazi.

Nikabonyeza sasa.

Bando lilikuwepo, mtandao wa alfajiri ukaenda mbio, kikapakuliwa kila kitu kabla chai haijapoa, ikaanza kusimika. Kwa wale msiojua, kwenye Linux kila programu inakuja kama kifurushi, na vifurushi vinategemeana, hiki hakisimami bila kile, na unapopandisha mfumo mzima, vifurushi vya zamani vinaondolewa na vipya vinaingia mahali pake, mamia kwa mamia. Ukikatiza katikati, unabaki na nyumba iliyoezuliwa bati la zamani na jipya bado liko chini.

Honi ikalia nje.

"Baba Neema, gari imefika!" Godeliva akaniita.

"Nakuja, inamalizia."

"Inamalizia nini? Jana si ulisema kila kitu kiko tayari?"

"Kiko tayari. Inajiboresha tu."

Godeliva akasimama mlangoni na kitenge chake kipya akanitazama vile anavyonitazama, akasema, "Misa haitakusubiri wewe ujiboreshe."

Basi mimi, mimi ninayewaambia wateja kila siku kwamba kompyuta ikiwa inajisasisha usiiguse hata nyumba ikiungua, nikafunga kifuniko, nikaitia kwenye begi ikiwa inaendelea, nikajiambia kwamba itaendelea humohumo njiani, betri si ipo. Betri ya kompyuta hiyo naijua. Ukiichomoa kwenye umeme inakuaga kabla hujamaliza kuandika barua ya kuomba ruhusa. Lakini siku ikiwa ya kuharibika, mtu unajisahaulisha hata unayoyajua.

Njia nzima nilipakata begi. Mwanzoni lilikuwa la moto mapajani, nikawa nafurahi, inafanya kazi. Tulipofika kwenye msitu, Leonsi akisimulia habari za foleni za Dar, begi likapoa. Nikafurahi zaidi, nikadhani imemaliza.

Misa ilikuwa nzuri, sina la kusema. Wazee wakarudia ahadi zao, mama mkwe akalia, kwaya ikaimba mpaka vumbi likapanda. Tukaingia ukumbini, nikafunga shuka jeupe ukutani, nikaweka projekta (niliazima shule moja ninayowatengenezea kompyuta zao), nikachomeka waya wa kompyuta, nikachomeka umeme, nikawasha. Busara ingekuwa niwashe kompyuta kwanza nione, ndipo niwashe projekta. Lakini katekista, ndiye aliyekuwa mshereheshaji, alikuwa ameshashika kipaza sauti na anasema, "Sasa ndugu zangu tugeukie ukutani, mkwe wetu kutoka Tabora mjini, bingwa wa kompyuta, ametuandalia kitu cha kisasa kabisa, tumpigie makofi," na watu wanapiga makofi, na mimi naona aibu kuwaweka mbele ya shuka tupu, nikawasha vyote pamoja.

Shuka likawa jeusi. Halafu mistari ya maandishi meupe ikaanza kupanda, mingi, kwa kasi, Kiingereza kitupu. Watu wakasema aaah, wakidhani ndiyo mwanzo wa filamu. Halafu maandishi yakakoma, ikabaki alama moja inapepesa kwenye giza, na mbele yake neno la kuniambia niingie. Hakuna picha, hakuna rangi mpya, hakuna kipanya. Nikajua. Apdeti ilikatika njiani, na sehemu yote inayochora picha kwenye kioo ilikuwa haijasimama.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penyewe. Siku zote kompyuta yangu ikiwaka inanionyesha jina langu na mimi naandika paswedi tu, inajificha kwa vidoti, naingia. Miaka yote hiyo vidole vimezoea. Lakini ukiwa kwenye ule mwonekano wa maandishi matupu, inaanza kukuuliza jina, na jina linaonekana, ndipo baadaye inauliza paswedi, ambayo haionekani. Mimi kwa kuchanganyikiwa, kwa makofi, kwa ile tai iliyonikaba, vidole vikaandika vilivyozoea, nikabonyeza Enta. Na pale shukani, herufi kubwa nyeupe, kila moja kama kiganja cha mkono, likasimama neno: mkwemnoko.

Labda lingepita. Wazee wengi hawaoni mbali, watoto walikuwa wanawaza soda. Lakini katekista ni mtu makini, akadhani ndicho kichwa cha habari, na kazi ya mshereheshaji ni kuwasomea wasioona, akakisoma kwenye kipaza sauti, taratibu, kwa sauti yake ya masomo ya Misa.

"Mkwe... mnoko."

Nilisikia jenereta la jirani. Kisha akatokea mama mmoja upande wa kwaya akasema "Yesu na Maria!" na kicheko kikaanzia kwa vijana nyuma, kikaja mbele kama mvua inavyokuja shambani, unaiona. Mama mkwe akajifunika uso na kanga, mabega yanatikisika, sijui analia au anacheka. Mzee Sebastiani hakucheka. Akamwinamia jirani yake akamuuliza kitu kwa Kirundi, jirani akamnong'oneza sikioni kwamba mnoko ni mtu msumbufu, wa kushikilia vijisheria, na mzee akanyanyuka taratibu akakaa wima, akanitazama.

Nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua, "Samahani, hiyo ni lugha ya kompyuta."

Katekista, kwa moyo wake mwema, akawatangazia: "Mtaalamu anasema ni lugha ya kompyuta."

Hapo sasa hata wale waliokuwa wamejizuia wakashindwa. Leonsi alikuwa ameegemea nguzo, machozi yanamtoka.

Kuzima projekta hakukunijia kichwani. Naapa. Mpaka leo najiuliza, kitufe kiko pale pale, karibu na mkono wangu. Badala yake nikawa na wazo moja tu, nitengeneze haraka, picha zitokee, watu wasahau. Nikaandika jina, nikaandika paswedi mahali pake, nikaingia, nikatoa amri ya kumalizia vifurushi vilivyokatizwa, na shuka likajaa maandishi, yakapanda, yakapanda, yakagoma. Kosa. Nikatoa nyingine. Kosa.

"Mkwe wetu," katekista akaniuliza kwenye kipaza sauti, "waeleze wananchi, tatizo ni nini?"

"Vifurushi vimevunjika."

"Anasema kifurushi kimeisha."

Bwana mmoja wa Urambo akasimama nyuma, simu juu. "Mimi ninalo bando la kutosha! Anipe namba nimrushie!"

"Si hivyo vifurushi, mzee wangu," nikamwambia, "hivi ni vya ndani."

"Bando la ndani lipi tena?" akauliza, na watu wakaanza kubishana kwenye meza zao juu ya mitandao ya simu, upi unashika Ulyankulu na upi haushiki. Na ubaya ni kwamba kweli bando nililihitaji, maana kompyuta ilitaka kupakua upya vifurushi vingine, lakini hata sehemu ya kuiunganisha na simu ilikuwa ni mojawapo ya zilizovunjika, kwa hiyo nikakaa pale nimekataa msaada ninaouhitaji ambao usingenisaidia.

Nikajaribu amri ya mwisho ninayoijua, ile ya kuiambia irekebishe yenyewe inavyoona inafaa. Ikaniletea orodha ndefu, ikasema ili nirekebishe inabidi niondoe vitu hivi, unakubali? Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kusoma hiyo orodha. Nawafundisha watu. Mimi nikaona macho ya mzee Sebastiani, nikaandika ndiyo.

Ikaanza kuondoa. Na kila inachoondoa inakitaja, mstari kwa mstari, kwenye shuka. Kulikuwa na mwalimu wa sekondari meza ya pili, Kiingereza anakijua vizuri, akasimama na uma mkononi: "Jamani, anafuta! Anafuta vitu!"

Ikaondoa programu ya kuchezea filamu. Ikaondoa ule mwonekano mpya niliokuja kumwonyesha Leonsi. Ikaondoa mpaka mchezo wa karata.

Godeliva akawa ameshafika mgongoni kwangu. Hakuuliza habari ya paswedi, hilo aliliweka akiba. Akaninong'oneza, "Shangazi yumo humo?"

Sasa unajua mtu ukinong'ona kwa hofu sauti inavyokuwa. Mzee alikuwa hatua chache tu. Akasema, "Shangazi gani?"

Akamgeukia binti yake.

"Godeliva. Shangazi gani?"

"Shangazi Beritha, baba. Alikutumia salamu. Tulitaka kukushtukiza."

Mzee Sebastiani akasimama. Kicheko ukumbini kikakatika, kikaisha kabisa. Akanyoosha mkono kwenye shuka, kwenye yale maandishi yanayopita.

"Beritha yumo humo ndani? Na anafutwa?"

Nimepata aibu nyingi, nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya gwaride la shule, lakini ile sauti sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Na ajabu ni kwamba ndiyo iliyonirudishia akili. Nikavua tai. Nikajiambia, programu ni kitu kimoja na mafaili ya mtu ni kitu kingine, hii mashine imefuta vyombo vya kuchezea filamu, filamu yenyewe hakuna aliyeigusa. Nikasema, "Hapana baba. Yupo. Subiri nikuonyeshe." Nikaandika amri ya kutaja vilivyomo kwenye folda ya jubilei, nikamwomba Mungu wa Wakatoliki na wa Wamoravian, nikabonyeza Enta. Ukatokea mstari mmoja: shangazi_beritha.

"Yupo!" akapiga kelele yule mwalimu. "Yupo, ameandikwa!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi kwa jina la faili.

Nikatoa flashi mfukoni, nikaichomeka, nikaiunga kwa amri, nikaamuru inakili. Alama ikapepesa tu, hakuna neno.

"Mbona haisemi kitu?" katekista akauliza, safari hii bila kipaza sauti.

"Ikinyamaza ndiyo inafanya kazi."

"Kumbe," akasema, "na kelele zote zile za mwanzo?"

Ikamaliza. Sasa faili lipo kwenye flashi na kompyuta yangu haina pa kulichezea, na ukumbini kulikuwa na kompyuta nyingine moja tu, ya Leonsi, ya ule mfumo wa kila mtu, ninaousema vibaya kila tunapokutana. Nikamwendea na flashi mkononi, watu wote wananiangalia. Leonsi akaipokea, akaigeuza huku na huku, akaniuliza kwa heshima zote, "Shemeji, haina virusi hii?"

Nilistahili. Nikasema, "Haina, shemeji. Naomba tu."

Tukahamishia waya wa projekta kwake, akaifungua, ikakubali mara moja. Picha ikajaa shukani: uwanja uliofagiwa, migomba nyuma, na mama mmoja mwembamba ameketi kwenye kiti, miguu ameifunika kitenge, mkongojo umelala pembeni. Alianza kwa Kirundi, kisha akachanganya na Kiswahili chetu hiki, alichoondoka nacho Ulyankulu. Akawasalimu wote. Akawapongeza. Halafu akasema, wajukuu wa kaka yangu mnaonisikia, nawaambia kitu asichowaambia yeye. Tulipokuwa tunakimbia, mimi mguu ulivimba, nikashindwa kutembea. Kaka yangu akanibeba mgongoni. Alilalamika njia nzima. Kwamba mimi ni mzito, kwamba nina kelele, kwamba mama alinilisha nini. Alilalamika mpaka tunavuka. Lakini hakunitua.

Mzee Sebastiani alikuwa amesogea mbele bila sisi kumwona, mpaka mwanga wa projekta ukampiga usoni na kivuli chake kikamfunika dada yake mabega. Mtu akasema, mzee, kaa, tunakosa kuona. Yeye akageuka akatuambia, kama mtu anayetoa ushahidi barazani, "Alikuwa mzito kweli huyu." Halafu akamwambia Leonsi arudishe mwanzo. Leonsi akarudisha. Ikachezwa tena na tena, wali ukapoa kwenye sahani, na mimi sikugusa kitu chochote chenye waya.

Jioni, watu wanaanza kuondoka, nikaitwa. Mzee alikuwa barazani mwa ukumbi, peke yake, koti amelivua.

"Shikamoo baba."

"Ulishaniamkia asubuhi."

"Naam."

"Lile neno."

Akanyoosha kidole ndani, kwenye shuka.

"Ni langu?"

"Ni lako, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafundisho ya ndoa. Uliponianzisha upya."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka mvua ya mwaka ule. "Na kazi yake nini?"

"Ni la kufungulia kompyuta. Bila kuliandika haifunguki."

"Unaliandika kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi nikifungua duka, nikitoka kula, umeme ukikatika ukarudi."

Akawatazama akina mama wanaobeba masufuria. "Leonsi," akasema, "ananipigia Krismasi." Akalikunja koti lake. "Kumbe kuna mtu ananitaja kila siku na mimi sijui." Sikujua kama nimesamehewa au ndiyo kesi inaanza. Kisha akaongeza, "Lakini libadilishe."

Nililibadilisha usiku uleule kichwani, kwenye mashine ilibidi nisubiri, maana tulipofika nyumbani ilinichukua siku kadhaa kuifufua. Mwishoni nilisimika mfumo upya kutoka mwanzo, nikarudisha mafaili yangu yote, halikupotea hata moja. Ile filamu sasa ninayo kwenye flashi, kwenye simu ya Godeliva, kwa Leonsi, na kwa bwana wa Urambo mwenye bando. Linux bado naitumia. Kuihubiri nimepunguza, wateja wenyewe wameona. Neno jipya siwaambii, ila ni neno ambalo hata askofu akilisoma kwa kipaza sauti, hakuna atakayegeuka kunitazama. Na nimeapa mbele ya Godeliva (alidai niape kwa sauti) kwamba siku ya safari, ya sherehe, ya msiba, ya chochote chenye watu zaidi ya mimi, sibonyezi kitu kinachosema sasa. Kijisanduku kikitokea kinasubiri Jumapili mchana, nikiwa nimekaa, umeme upo, na nakala ya kila kitu ipo pembeni.

Mzee Sebastiani naye ameamua. Tumbaku ikishauzwa anakwenda Burundi kumwona dada yake, shuka halitoshi, anataka kumwona mwenyewe. Watoto wote walijitolea kumsindikiza, akawakataa mmoja mmoja, akasema atakwenda na mkwe. Alipiga simu dukani kunipa taarifa, wala hakuuliza kama nina nafasi. Nikamwambia nitafurahi sana, baba. Akasema vizuri, nijiandae, nibebe nguo za baridi, na kompyuta niiache nyumbani.